Ujumbe wa Tundu la Saba

Kengele ya kutoka ilipolia, wanafunzi wa darasa la sita waliteremka na njia ya mashamba ya kahawa, wakikimbizana na kutupiana maneno. Tusekile alishika njia yake, ile inayopanda kwenye kituo cha afya cha kanisa. Huko alimsubiri shangazi yake, Ruti, aliyekuwa akifua mashuka ya wagonjwa. Nyumbani hapakuwa na mtu. Mama yake alifariki mwaka uliopita, mvua za kwanza zilipoanza kunyesha. Baba yake, Lusubilo, alikuwa fundi wa mitandao ya kompyuta huko Tunduma, mpakani.

"Tuse!" Eva alimwita kutoka chini. "Jumapili hii baba yako anakuja?"

"Anakuja."

"Hata ile iliyopita ulisema anakuja."

"Alipata kazi."

"Aa, baba yako wewe anaishi kwenye simu! Siku akija mtuite, tuone kama ana miguu."

Wote wakacheka. Tusekile naye alicheka kidogo, maana Eva hakuwa na ubaya. Lakini alipokata kona na kubaki na migomba mitupu pande zote mbili, kicheko kilikuwa kimekwisha zamani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

"Ndiyo."

"Umekula nini?"

Tusekile akatazama chini.

"Kuna viazi kwenye sufuria, nimefunika na kanga. Nenda ule, kisha usome."

Shangazi Ruti alikuwa mjane. Alipokuwa akifua aliimba pambio polepole, mikono yake ikiwa ndani ya povu. Alimpenda mtoto huyo na kumwombea kila alfajiri, akitaja jina lake kwa sauti. Ila hakuwa na desturi ya kumuuliza mtu mambo ya moyoni. Kwake yeye, mtoto aliyeshiba na aliyeombewa alikuwa salama.

Tusekile alisomea kwenye chumba kidogo kilicho karibu na mapokezi. Nesi Getruda, mkuu wa kituo, alimruhusu kwa sababu alikuwa mtulivu. Humo mlikuwa na meza, kiti, na swichi ya mtandao iliyofungwa ukutani: sanduku bapa la chuma lenye matundu mengi, kila tundu na waya wake, na juu ya kila tundu taa ndogo ya kijani. Waya mmoja ulikwenda kwenye kompyuta ya mapokezi, mwingine maabara, mwingine duka la dawa. Taa zilikuwa zikipepesa mchana kutwa. Baba yake ndiye aliyeifunga, na Tusekile aliipenda kwa sababu hiyo tu.

Siku ya kuifunga, baba alimruhusu kushika bisibisi. Alipomaliza kuunganisha nyaya alifungua kompyuta yake na kuanza kuandika.

"Unafanya nini, baba?"

"Naifundisha kutoa taarifa. Mimi nitakuwa Tunduma, siwezi kuiona. Kwa hiyo naiambia: waya ukikatika, nitumie ujumbe kwenye simu. Ukipata joto sana, nitumie. Mtu akijaribu kuingia kwa neno la siri lisilo lake, nitumie."

"Na mtu akikohoa?"

Baba alicheka. "Hapana, mama. Si kila kitu kinastahili ujumbe. Ukitumiwa kila kitu utachoka kusoma, na siku ya shida hutasoma. Kazi kubwa ni kuchagua."

Kisha alimwonyesha tundu la saba. Waya wake ulikwenda kwenye chumba cha friji la chanjo, kwenye kipimo kidogo kinachoangalia ubaridi. Soketi ya chumba hicho iliungua siku nyingi, kwa hiyo friji na kipimo vilipata umeme kwa ekstensheni moja iliyochomekwa kwenye soketi ya korido, nyuma ya kabati.

"Umeme wa friji ukikatika, kipimo nacho kinazimika, na tundu la saba linakatika. Hapo hapo mimi nitajua. Hebu chomoa waya huu."

Tusekile alichomoa. Simu ikatetemeka mfukoni mwa baba. Akampa asome: TUNDU 7 LIMEKATIKA. Aliporudisha waya, simu ikatetemeka tena: TUNDU 7 LIMERUDI.

Jioni ile baba alipanda gari la kurudi Tunduma, na chumba kikabaki na taa zake.

Wiki zikapita. Jumapili baba alisema malori yamejaa mpakani na ofisi hazilali. Jumapili nyingine alisema amechoka. Alipopiga simu alizungumza na shangazi mambo ya sabuni na ada za mitihani, na mwisho akasema, "Msalimie Tuse." Tusekile alisimama pale pale karibu, akizisikia salamu zake zikipita kwa mtu mwingine.

Alasiri moja mvua ilinyesha, kituo kikawa kitupu, na Tusekile akakaa kwenye chumba cha swichi akiitazama taa ya saba. Aliwaza kwamba kulikuwa na njia moja tu iliyotoka katika chumba kile hadi mfukoni mwa baba yake. Alinyoosha mkono akachomoa waya.

Haikupita hata muda wa kumaliza hesabu moja, akamsikia Nesi Getruda mapokezi. "Lusubilo, habari za huko? Tundu gani? Ngoja, mwanao yuko humo humo." Nesi akaingia, akampa simu.

"Tuse? Waya wa saba umekazwa?"

"Ngoja nitazame, baba." Akauchomeka. "Ulikuwa umelegea."

"Umefanya vizuri sana. Wewe ndiye jicho langu huko. Umeshakula?"

"Nimekula, baba."

"Na shule je?"

Walizungumza hadi salio likaisha. Tusekile alirudi nyumbani akiruka madimbwi. Usiku, shangazi alipomwambia aombe, alishukuru kwa chakula na kwa mvua, lakini ule waya hakuutaja. Alijua Mungu ameuona. Alifumba macho zaidi.

Basi ikawa ndiyo njia yake. Upweke ulipomzidi alichomoa waya, na sauti ya baba ikaja. Kila mara alidanganya: umelegea, umeteleza, sijui. Mwishowe Lusubilo akaamua kwamba tundu lenyewe ni bovu, na Jumamosi moja akaja mwenyewe.

Ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Walikaa pamoja kwenye chumba kile, yeye akimulika tochi na baba akibadilisha vichwa vya waya. Walikula mahindi ya kuchoma. Eva alipita makusudi nje ya dirisha, akaichungulia miguu ya Lusubilo, akakimbia akicheka. Lakini kadiri baba alivyohangaika kutafuta ubovu usiokuwepo, ndivyo Tusekile alivyoshindwa kuyamaliza mahindi yake.

"Sijaona kitu," baba alimwambia Nesi Getruda mchana. "Nitaleta swichi nyingine nikipewa. Kwa sasa nazima taarifa za tundu la saba peke yake. Huu ujumbe unatuchosha. Hata bosi wangu anaupata, ananiuliza kituo hicho kina pepo gani."

"Na friji langu?"

"Liangalie kwa macho, nesi, asubuhi na jioni. Taa ya saba ikizimika msishtuke, ni ubovu wake."

Aliandika kidogo kwenye kompyuta, akafunga mkoba, akambusu binti yake kwenye paji la uso, akaondoka na gari la alasiri.

Jumatatu Tusekile alichomoa waya akasubiri. Taa ya saba ilizimika, nyingine zikaendelea kupepesa kana kwamba hakuna kilichotokea. Simu ya nesi haikulia. Alisubiri hadi giza likaanza kuingia na shangazi akamwita. Akaurudisha waya mahali pake. Tangu siku hiyo hakuugusa tena, maana ulikuwa haumfikishi popote.

Wiki iliyofuata, kijiji kilipata msiba. Marehemu alikuwa mama mdogo wa Nesi Getruda. Kama ilivyo desturi huku kwetu, siku ya maziko hakuna aliyekwenda shambani, na kila mwenye kitu alikitoa: wengine sufuria, wengine turubai, wengine kuni. Kituo cha afya kilitoa mabenchi. Zabron, kijana wa vipaza sauti vya kwaya, alikuja mbio akaomba na ekstensheni. Nesi alikuwa akilia, akampa kishada chote cha funguo na kusema, "Ipo stoo, baba, chukua." Yeye mwenyewe alikuwa analala msibani, na yule nesi msaidizi alikuwa amekwenda Vwawa kwenye semina.

Shangazi Ruti alimwacha Tusekile kituoni ayalinde mashuka kambani, mbuzi wasiyatafune. Kimya kilikuwa kizito. Kutoka msibani, ng'ambo ya mto, alisikia kipaza sauti kikitangaza ratiba ya maziko. Jua lilipomchoma aliingia kwenye chumba cha swichi.

Taa ya saba ilikuwa imezimika.

Aliutazama waya. Ulikuwa umechomekwa barabara. Aliusukuma, haukusogea. Alikwenda kwenye chumba cha friji. Mlango ulikuwa umefungwa, na dirisha lake lilipakwa rangi nyeupe. Akaweka sikio mlangoni, asisikie mngurumo wowote.

Keshokutwa ilikuwa kliniki ya watoto. Wiki ile kulikuwa na habari za surua huko bondeni, na akina mama wangepanda mlima na watoto mgongoni, wengine kutoka mbali upande wa Momba, kufuata chanjo zilizokuwa ndani ya friji lile. Friji lenyewe lilikuwa dogo na la zamani. Bila umeme, kufikia jioni lingekuwa limepata joto, na nesi asingelifungua hadi kesho.

Na baba asingejua. Swichi ilikuwa imeamriwa kunyamaza.

Tusekile aliwaza kukaa kimya. Hakuna ambaye angemlaumu. Kila mtu angesema ni ubovu wa tundu. Aliwaza jinsi baba atakavyokasirika, na kwamba labda hatapiga simu tena kabisa, hata zile za sabuni. Akasimama katikati ya korido, akasema kwa sauti, "Ee Bwana, nisaidie nifike kabla sijaogopa." Akayaacha mashuka na mbuzi, akakimbia.

Msibani wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka chini ya turubai. Tusekile alipita akiinama, huku wakubwa wakimtazama vibaya, hadi alipokuwa Nesi Getruda. Shangazi Ruti alikuwa pembeni yake.

"Nesi, taa ya saba imezimika. Nafikiri friji limezimika."

Nesi alifuta macho kwa pembe ya kitenge. "Mwanangu, baba yako alisema tundu hilo ni bovu. Friji nimeliangalia asubuhi, linafanya kazi."

"Halingurumi, nesi. Nimeweka sikio."

"Friji hunyamaza likishapoa, kisha huanza tena. Nenda nyumbani, Tuse. Tuache tumzike mama."

"Umekuja kusumbua wafiwa kwa ajili ya taa?" shangazi alinong'ona kwa ukali. "Rudi kwenye mashuka."

Tusekile alianza kugeuka. Kisha akapiga magoti kwenye mkeka, mbele ya wote.

"Tundu la saba si bovu," alisema. "Halijawahi kukatika lenyewe hata siku moja. Ni mimi nilikuwa nauchomoa waya. Nilitaka baba apige simu. Lakini leo sijaugusa, nesi. Naapa sijaugusa. Ndiyo maana najua ni kweli."

Nesi Getruda akainuka taratibu, machozi yake yakiwa bado hayajakauka. Macho yake yaliangukia chini, kwenye waya uliotoka kwenye kipaza sauti ukipita nyuma ya mikeka. Ulikuwa na plasta nyeupe ya vidonda, aliyouzungushia kwa mkono wake mwenyewe ulipochubuka.

"Zabron! Ekstensheni hii umeitoa wapi?"

"Si stoo, nesi, kama ulivyosema?"

"Stoo gani?"

"Ile… ile yenye friji."

"Baba wee, ile ndiyo stoo?"

"Niliona friji limekaa tu, nikajua ni la soda za wageni," Zabron alisema, sauti ikimpotea. "Maiti ilikuwa imeshafika njia panda, nesi. Nilikuwa na haraka."

"Chomoa! Chomoa hapo hapo!"

Kipaza sauti kilikatika katikati ya tangazo. Nesi akachukua funguo zake kwa Zabron, kisha yeye na Tusekile wakapanda bodaboda moja, ekstensheni ikiwa shingoni kwa Tusekile kama mkufu. Huku nyuma, kwaya iliimba bila chombo chochote, na nyimbo zikasikika hadi ng'ambo ya mto.

Nesi alifungua chumba, akachomeka waya, friji likaanza kunguruma. Alifungua mlango wake kidogo, akatazama kipimajoto cha ndani, akaufunga upesi. Akaegemea ukuta.

"Bado," alisema. "Mshale umefika ukingoni, lakini bado uko kwenye kijani. Tungechelewa kidogo tu, Tuse, tungezimwaga zote." Akapumua. Kisha akatoa simu yake. "Sasa mwambie baba yako. Mimi sitasema kwa niaba yako."

Tusekile alizungumza akilia, lakini alisema yote, tangu siku ya mvua.

"Nakuja," baba alisema.

Alifika alasiri, watu wakiwa wanatoka makaburini, vumbi la njia likiwa kwenye nguo zake. Nesi Getruda na Shangazi Ruti walikuwa wamekaa kwenye benchi la korido. Tusekile alisimama.

"Unajua ulichofanya?" baba alimuuliza. "Unajua nilivyokuamini? Nilimwambia bosi swichi ni mbovu. Nimeomba ninunuliwe nyingine! Nilizima taarifa ya muhimu kuliko zote kwa sababu ya uongo wako."

"Nisamehe, baba."

"Watoto wangapi wangekosa chanjo—"

"Lusubilo," Shangazi Ruti alimkatiza. Alikuwa dada yake mkubwa, na alipoita jina namna ile, mdogo wake alinyamaza. "Mtoto amekosa, na amekiri mbele ya msiba mzima. Wangapi kati yetu watu wazima tungeweza? Lakini na sisi tujitazame. Wewe uliufundisha mtambo ukuambie waya ukikatika. Mtoto huyu alikatika siku tulipomzika mama yake. Nani aliletewa taarifa? Mimi nalala naye nyumba moja, nampikia, namwombea, na sikumuuliza hata siku moja kama analia. Mungu anisamehe."

Lusubilo alikaa kwenye benchi. Baadaye akamvuta binti yake karibu.

"Niliogopa kuja," alisema kwa sauti ya chini. "Nikiingia nyumba ile namwona mama yako kila mahali. Nikajidanganya kwamba ni kazi. Kumbe na mimi nilikuwa nachomoa waya wangu."

Akamshika mkono, wakaingia kwenye chumba cha swichi. Alifungua kompyuta, akamwonyesha mahali palipoandikwa kwamba taarifa za tundu la saba zimezimwa, akaziwasha mbele yake.

"Sasa tujaribu. Nesi, unaruhusu?"

"Naruhusu," Nesi Getruda alisema kutoka mlangoni. "Mara moja tu."

Tusekile alichomoa waya. Simu ikatetemeka mfukoni mwa baba. Akaurudisha, ikatetemeka tena.

"Sikiliza, mwanangu," Nesi alisema. "Swichi inajua kusema kitu kimoja tu: waya umekatika. Haijui kusema kwa nini. Nasi tukiilazimisha iseme uongo, tunaacha kuiamini, na siku ikisema kweli hakuna anayeamka. Leo tumeokolewa na neno lako la kweli, na lilikuwa gumu kuliko uongo wote uliotangulia. Wewe una mdomo, Tuse. Ukiwa na shida, iseme ilivyo, kwa mtu anayeweza kukusaidia. Keshokutwa utakuja mapema kabla ya shule, unisaidie kupanga akina mama kwenye mabenchi. Hiyo ndiyo adhabu yako."

"Ndiyo, nesi."

Nje, dereva wa gari la Tunduma alikuwa akipiga honi, akikusanya abiria wa mwisho. Lusubilo alichukua mkoba wake. Tusekile alizitazama taa za kijani, kisha akamtazama baba yake.

"Baba," alisema, "nina upweke. Usiondoke leo."

Lusubilo alisimama. Akatoa simu, akampigia bosi wake.

"Bosi, swichi ya kituo ni nzima, usinunue nyingine. Nitakueleza. Na mimi sitakuwepo hadi Jumanne." Alisikiliza kidogo. "Hapana, siyo mtambo. Ni mwanangu ameniita."

Honi ikalia tena, kisha gari likateremka mlima bila yeye. Shangazi Ruti aliinuka kwenda kuanua mashuka, na alipofika kambani akapaza sauti kwamba mbuzi wamekula moja lote na kubakiza pindo. Wote watatu wakaenda kumsaidia.